Dakika kumi za kuvuka Kyle of Durness

Gati la Keoldale ni dogo, na kivuko kinachosubiri hapo ni boti tu, isiyo na paa, ya kuchukua abiria wachache na mikoba yao. Gari unaliacha nyuma. Mimi nimekulia Mwanza, ambako kivuko ni chombo kinachomeza mabasi na malori, na mara ya kwanza nilisimama pale nikitafuta kivuko chenyewe kiko wapi.

Maji yanayovukwa, Kyle of Durness, ni hori refu na jembamba, linaloingia bara kutoka Atlantiki kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Uskoti. Kyle limetokana na neno la Kigaeli, caol, maana yake maji membamba. Yanapokupwa, sehemu kubwa ya hori hubaki mchanga mtupu, na nahodha hulazimika kufuata mkondo uliosalia. Safari zinategemea maji na upepo, na hufanyika miezi ya joto tu. Kuvuka kwenyewe ni dakika kumi hivi.

Mimi ni mwanajiolojia, na nikiwa na wanafunzi kwenye boti hii huwaomba waache kwanza kutafuta miamba. Nawaambia watazame majani. Upande wa Keoldale, mnakotoka, ni kijani kibichi: malisho mazuri, kondoo, kuta za mawe, nyumba. Ng'ambo rangi inageuka kuwa ya kahawia. Ardhi imelowa, nyasi ni ngumu, mawe yametoka nje kama mbavu, na hakuna kijiji. Mvua inayonyesha pande zote mbili ni ile ile, na upepo ni ule ule. Tofauti iko chini ya udongo.

Kijiji cha Durness, upande wa Keoldale, kimekaa juu ya mawe ya chokaa. Yalijengeka miaka milioni 500 hivi iliyopita, katika bahari ya joto yenye kina kifupi, wakati kipande hiki cha dunia kilikuwa kusini ya ikweta. Mwaka 1854 mkusanyaji wa visukuku, Charles Peach, alikuta humo visukuku vya konokono na wanyama wengine wa baharini, na ikaja kuonekana kwamba ndugu zao wa karibu wako Amerika ya Kaskazini, si Uingereza wala Wales. Wakati huo Uskoti ilikuwa imeshikana na Greenland na Amerika, na bahari nzima, ambayo wanajiolojia huiita Iapetus, ilikuwa imeitenganisha na Uingereza. Mawe haya yakioza hutoa udongo usio na ukali wa asidi, na majani huupenda. Nyumba nyingi za Durness zimefuata majani hayo.

Ukielekea magharibi unashuka ngazi za umri. Chini ya chokaa kuna kwartzaiti nyeupe, ngumu, iliyokuwa mchanga wa ufukweni. Ndani yake kuna tabaka lililojaa mirija iliyosimama wima, mashimo ya wanyama mfano wa minyoo walioishi mchangani miaka zaidi ya milioni 500 iliyopita. Ukipata kipande kilichopasuka vizuri unaihesabu mirija hiyo kwa kidole. Chini yake kuna mawe mchanga mekundu ya Torridon, ya miaka bilioni 1 hivi, yaliyoletwa na mito iliyotiririka kabla mmea wowote haujaota nchi kavu. Chini ya yote iko naisi, mwamba wa mistari ulio wa kale kuliko yote hapa.

(Wengi wa wenzangu huja Durness kwa ajili ya Moine Thrust, ule mpasuko ambapo miamba ya kale ilisukumwa makumi ya kilomita na kupanda juu ya miamba michanga kuliko yenyewe. Ben Peach, mtoto wa Charles, na John Horne waliueleza katika kitabu kikubwa cha mwaka 1907. Hilo linahitaji siku yake peke yake.)

Ng'ambo kuna basi dogo na barabara moja ya kilomita 18 isiyoungana na barabara nyingine yoyote. Ilijengwa kwa ajili ya mnara wa taa wa Rasi ya Wrath, ambao mhandisi Robert Stevenson aliukamilisha mwaka 1828. Basi huchukua karibu saa nzima, likiruka mashimo. Ardhi hii pia ni uwanja wa mazoezi ya kijeshi, na kisiwa kidogo cha mawe karibu na pwani hulengwa mabomu. Siku za mazoezi njia hufungwa, kwa hiyo ulizia kabla hujafunga safari ndefu kutoka Inverness.

Njiani naomba kushuka nitembee hadi Clò Mòr. Ni majabali ya mawe mchanga ya Torridon yanayodondoka baharini kutoka mita 281, na hakuna majabali ya pwani marefu zaidi katika Britania bara. Tabaka zake zimelala karibu sawasawa, moja juu ya nyingine, na kila kingo ndogo imekaliwa na ndege wa baharini. Unasikia kelele zao kabla hujaona maji. Ufukwe wa Kearvaig uko mbele kidogo, mchanga mweupe na nguzo ya mwamba iliyosimama baharini ikiwa na tundu kama dirisha.

Kati ya hapo na mnara, mawe mchanga yanaisha na naisi inashika. Mito ya kale ilimwaga mchanga wake juu ya vilima na mabonde ya naisi yaliyokuwa wazi kwa upepo, na sura ile ya nchi ikafukiwa ilivyo. Umri unaokosekana katikati ni zaidi ya miaka bilioni 1. Ukiweka kiganja kwenye mpaka huo, kidole gumba kiko upande mmoja wa pengo na vingine upande wa pili. Nimeshafanya kazi hii miaka mingi na bado pale huwa nanyamaza.

Naisi hii ilianza kama mwamba ulioyeyuka na kuganda chini ya ardhi, miaka bilioni 3 hadi 2.7 iliyopita. Baadaye ilizamishwa kilomita nyingi, ikapikwa na kubanwa bila kuyeyuka yote, madini yake yakajipanga mistari ya kijivu, nyeusi na nyeupe. Kisha zikapenya humo chane za granaiti ya rangi ya waridi. Kwenye majabali chini ya mnara mistari hiyo imekunjwakunjwa kama nguo iliyokamuliwa.

Mawe ya Mwanza, yale tuliyokuwa tukiteleza juu yake utotoni na ambayo watu wamejengea nyumba mpaka kileleni, ni ya rika hilo hilo kwa makadirio: granaiti za kiini cha bara letu, zenye zaidi ya miaka bilioni 2.5. Wanafunzi hunijia na jibu la haraka kwamba rasi hii haina watu kwa sababu mwamba wake ni mgumu na hauna rutuba. Nawauliza, mbona Usukumani watu wanalima mahindi, mpunga na pamba, na chini yao kuna mwamba wa aina hiyo?

Kwetu joto na mvua vimeuozesha mwamba kwa mamilioni ya miaka bila kubughudhiwa. Maji huingia kwenye nyufa, pembe zinaoza kwanza, na kinachobaki ni yale mawe ya mviringo yaliyopandana, yakizungukwa na udongo uliotokana na miili yao. Uskoti nayo ilikuwa na udongo wa namna yake. Kisha ikaja barafu, ikasaga na kukwangua hadi kwenye mfupa, na sehemu kubwa ya mabaki ikaishia baharini. Hapa barafu ilianza kuachia nchi kama miaka 15,000 iliyopita, na kwa naisi muda huo ni kufumba na kufumbua. Juu ya mwamba usiopitisha maji mvua ikatuama, mimea ikafa bila kuoza vizuri, ikalundikana kuwa ile mboji nyeusi iliyoloa inayozamisha buti. Chokaa nayo ilikwanguliwa, ila maji hupenya nyufa zake na udongo wake hupona upesi.

Mnarani hakuna mlinzi tangu mwaka 1998, taa inajiendesha yenyewe. Jina Wrath kwa Kiingereza cha leo lina maana ya ghadhabu, na wageni hulifurahia upepo unapovuma, lakini asili yake ni neno la mabaharia wa Skandinavia, hvarf, mahali pa kugeuzia. Walipofika hapa waligeuza omo kuelekea kusini. Mtu wa pwani yetu anayezijua rasi ataelewa mara moja kwa nini baharia huipa jina hilo.

Tulirudi gatini maji yakipwa. Boti ilizunguka mafungu ya mchanga ambayo asubuhi hayakuonekana, na sili wawili walikuwa wamelala juu ya moja. Tuliposhuka Keoldale nilimpa mwanafunzi mmoja kichupa cha asidi, adondoshe kwenye jiwe la ukutani, maana chokaa ya kawaida ikiguswa na asidi hutoa povu. Hakikutokea kitu, akanitazama akidhani nimekosea jiwe. Chokaa ya Durness sehemu kubwa ina magnesi, kwa hiyo ikiwa nzima na baridi haichemki. Nikamwambia akwangue kwanza kwa kisu. Alikwangua, akadondosha tena juu ya unga ule, na povu dogo likaanza kupanda.