Chama cha wafanyakazi hakisubiri ruhusa ya mwajiri

Karibu kila kundi la wafanyakazi linalonijia kutaka ushauri juu ya chama huanza na kauli ileile: "Tulishaomba, ila uongozi haujaturuhusu." Wengine huleta nakala ya barua waliyomwandikia meneja rasilimali watu, imegongwa muhuri wa kupokelewa, nao wamekaa miezi wakingoja jibu. Barua hiyo haikuhitajika hata kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mfanyakazi haki ya kuanzisha chama, kujiunga nacho na kushiriki shughuli zake halali, na hakuna mahali inapomtaka apate kibali cha mwajiri.

Kinachotakiwa ni kujaza fomu ya TUF 6, ambayo mfanyakazi huitia saini kuridhia ada ya chama ikatwe kwenye mshahara wake. Fomu ikishamfikia mwajiri, kukata na kuwasilisha fedha hizo kwa chama ni wajibu wake. Nawasihi wote wabaki na nakala, kwa sababu fomu hizo ndizo ushahidi wa idadi ya wanachama. Chama kilichosajiliwa kikishapata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo husika la majadiliano, yaani kundi la wafanyakazi ambao masharti yao ya kazi hujadiliwa kwa pamoja, kina haki ya kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano, yaani chama pekee kinachojadiliana kwa niaba ya kundi hilo: kinampa mwajiri taarifa, naye anapaswa kukutana nacho ndani ya siku 30. Akikataa au akinyamaza, shauri linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usuluhishi ukishindikana, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndiyo itakayoamua. Baada ya chama kutambuliwa, mwajiri anawajibika kujadiliana kwa nia njema, na kukaa mezani kwa ajili ya kupoteza muda si kujadiliana.

Wapo wanaosema kwamba msimamizi haruhusiwi kujiunga. Kizuizi kinamhusu mfanyakazi wa menejimenti ya juu, yaani anayetunga sera kwa niaba ya mwajiri na mwenye mamlaka ya kufunga kwa niaba yake mikataba ya hali bora (makubaliano ya chama na mwajiri juu ya masharti ya kazi), na hata huyo anazuiwa tu kuwa katika chama cha wafanyakazi wa ngazi za chini. Msimamizi wa zamu hahusiki.

Asiye mwanachama naye hudhani kwamba mkataba wa hali bora haumgusi. Unamgusa, iwapo chama kilichousaini ndicho wakala pekee, na ndiyo maana palipo na makubaliano ya ada ya uwakala, yaani ada ya asiye mwanachama kwa chama kinachomwakilisha, anaweza kukatwa ada hiyo, ambayo haipaswi kuzidi ile ya wanachama.

Kuhusu mgomo, kuacha kazi kwa hasira asubuhi moja hakulindwi. Mgomo unaolindwa ni wa mgogoro wa maslahi, yaani wa kudai masharti mapya na si haki iliyokwisha kuwapo, uliokwisha kupita kwenye usuluhishi, ukapigiwa kura na kutolewa notisi ya saa 48.

Kuachishwa kazi kwa sababu ya uanachama ni kuachishwa isivyo halali, na ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali. Lakini shauri la kuachishwa hufunguliwa Tume ndani ya siku 30, na wengi hunijia mwezi wa tatu tangu waachishwe, wakiwa bado wanangoja meneja abadili mawazo.