Tai anapaa mpaka wapi? Inategemea saa ngapi

Renja aliyekaa kiti cha nyuma aliniuliza tukiwa mbugani Murchison, Uganda, futi 300 juu ya nyasi, tukihesabu nyati kwa ndege. "Kapteni, hivi tai anapaa mpaka wapi?" Nikamwambia tumalize kwanza mstari tuliokuwa tunaufuata kuhesabu. Jibu ni refu, ndiyo maana naliandika hapa.

Rekodi ya kimo inayopendwa ni ya tumbusi aliyevutwa na injini ya ndege ya abiria juu ya Abidjan, Novemba 1973, kwenye futi 37,000. Ni kweli, ila kwangu haina kazi. Anayeninyima usingizi ni yule wa futi 300.

Tai, tumbusi na korongo ni wazito, na kupiga mabawa mfululizo kunawachosha upesi. Kwa hiyo wanangoja ardhi ipate moto na hewa ianze kupanda, kisha wanaidandia wakizunguka polepole mpaka juu, halafu wanateleza kwenda kutafuta nyingine. Saa moja asubuhi tai bado yuko mtini. Saa nne anapita kimo changu akielekea juu. Saa saba anaweza kuwa karibu na mawingu, futi elfu kadhaa kutoka ardhini. (Tena uangalie futi za nani. Kipimo chetu huhesabu kutoka usawa wa bahari, na uwanja wa Entebbe wenyewe uko futi 3,782. Rubani akisema amemwona tai futi 6,000 pale, ndege huyo yuko kama futi 2,200 tu juu ya vichwa vya watu.)

Pungu ndiye tatizo langu hasa. Tai huyu mwenye mkia mfupi hushinda angani akiteleza chini chini, akiyumba kushoto na kulia, macho yako kwenye nyasi. Kimo chake ndicho kimo changu. Kiangazi, nyasi zikichomwa, mwewe na korongo nao hujaa ukingoni mwa moto kudaka panzi na panya wanaokimbia. Nikiona moshi naukwepa, hata kama mstari wa kuhesabu unapita palepale.

Wengi hudhani ndege ataniona na kunipisha. Tumbusi akiinamisha kichwa kutafuta mzoga, mbele yake haoni kitu. Kabla yetu, angani hakukuwa na cha kumgonga.

Nami naenda kama mita 50 kwa sekunde: nikimwona mita 200 mbele, nina sekunde nne. Kalooli, yule korongo mwenye upara anayeshinda kwenye majalala ya Kampala, hufika kilo 9. Chukua wa kilo 7 tu. Kumgonga kwa mwendo huo ni sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioachiwa kutoka ghorofa ya sita. Mwili wa ndege kubwa ya abiria hupimwa kwa ndege wa kilo 1.8, na kioo cha Cessna yetu hakijafanyiwa hata mtihani huo.

Siku moja pungu alitokea kushoto. Nikavuta usukani kupanda, maana ndege akishtuka mara nyingi hufunga mabawa na kuzama, na kukata kona kali ukiwa chini hivyo ni kujitafutia kaburi. Alizama kweli. Tukasikia mlio mdogo, kama kijiti kinachovunjika. Tulipotua tukakuta moja ya zile fimbo mbili za bawani, ambazo watazamaji huhesabu wanyama wanaoonekana katikati yake tu, imepinda, na unyoya mweusi umenasa kwenye skrubu. Renja akauchomoa, akautia kwenye daftari kati ya ukurasa wa nyati na wa tembo. Hesabu ya upande ule tuliirudia yote, kwa sababu hakuna aliyejua fimbo ilipinda kiasi gani na lini.

Sasa tunaruka jua likichomoza tu, na saa tatu na nusu magurudumu yako ardhini. Wenye bajeti hulalamika kwamba siku za kazi zinaongezeka. Zinaongezeka kweli.