Modeli ya kihisabati katika lishe ni nini?

Karibu kila aliyewahi kujaribu kupunguza uzito ameelezwa hesabu hii. Kilo moja ya uzito wa mwili hubeba nishati ya takriban kilokalori 7,700. Ukipunguza kilokalori 240 kila siku kwenye chakula chako, baada ya mwaka utakuwa umepunguza 240 mara 365, yaani 87,600. Gawanya kwa 7,700 upate kilo 11 na ushei.

Sasa iendeleze hesabu hiyohiyo. Miaka mitatu ni kilo 34. Miaka saba ni karibu kilo 80. Mtu aliyeanza na kilo 80 atakuwa ameyeyuka asibaki chochote, na ilhali kila siku anakula, tena si kidogo. Kuzidisha na kugawanya tumekufanya sawasawa, lakini jibu haliwezekani. Basi kosa limo katika yale tuliyoyachukulia kuwa kweli kabla hatujaanza kukokotoa.

Modeli ya kihisabati ni maelezo ya jinsi jambo linavyokwenda, yaliyoandikwa kwa milinganyo. Mwenye kuiunda huchagua mambo machache anayoyaona kuwa ya msingi, akayapa alama, kisha akaandika namna kila moja linavyolisukuma jingine. Katika lishe, mambo hayo huwa ni uzito wa mwili, akiba ya mafuta, nishati inayoingia kwa chakula na inayotumika, sukari katika damu au kiasi cha vitamini fulani kwenye ini. Mengine hubadilika kadiri siku zinavyokwenda. Mengine ni namba zinazokaa palepale kwa mtu husika, nazo huitwa vigezo. Ukishaandika hivyo, dhana zako zote zinakuwa zimewekwa mezani, na yeyote anaweza kunyooshea kidole ile isiyo ya kweli. Kwangu mimi, hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Kanuni ya 7,700 nayo ni modeli, ingawa watu huichukulia kama ukweli wa maumbile. Asili yake ni kazi ya daktari wa Marekani, Max Wishnofsky, ambaye mwaka 1958 alikokotoa kwamba pauni moja (karibu nusu kilo) ya uzito unaopotea ni sawa na kilokalori 3,500. Kama kipimo cha nishati iliyohifadhiwa mwilini, namba hiyo haiko mbali na ukweli. Tatizo lilikuja ilipogeuzwa kuwa utabiri wa miezi na miaka, kwa sababu hapo inabeba dhana ambayo haisemwi: kwamba mwili utaendelea kutumia nishati ileile ya siku ya kwanza, hata ukishapungua.

Mwili haufanyi hivyo. Mwili mdogo una tishu chache za kulisha, una mzigo mwepesi wa kubeba kila unapotembea, na kwa kuwa chakula kimepungua, hata kazi ya kukimeng'enya imepungua. Juu ya hayo, mwili wenye njaa hubana matumizi. Hilo lilionekana wazi katika jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1944 na 1945, ambapo Ancel Keys na wenzake waliwafuatilia wanaume 36 waliojitolea kula nusu ya mahitaji yao kwa majuma 24. Walipoteza takriban robo ya uzito wao, na matumizi yao ya nishati yalishuka kupita kile ambacho kupungua kwa mwili peke yake kungeweza kueleza.

Fikiria tangi lenye tundu chini na bomba juu. Maji yakiwa mengi, yanatoka kwa nguvu. Ukikaza bomba kidogo, kina kinaanza kushuka, lakini kadiri kinavyoshuka ndivyo maji yanavyotoka polepole zaidi, hadi yanayotoka yalingane na yanayoingia. Hapo kina kinatulia, chini ya pale kilipokuwa. Tangi halikauki. Mlinganyo wa uzito unaosema ukweli huandikwa kwa mtindo huo: kasi ya uzito kubadilika inategemea tofauti kati ya nishati inayoingia na inayotoka, na inayotoka nayo inategemea uzito.

Kevin Hall na wenzake, wakiwa katika Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, walichapisha modeli ya aina hiyo mwaka 2011. Kwa mtu mzima wa kawaida mwenye uzito uliozidi, walipata kanuni nyepesi ya kukumbuka: badiliko la kudumu la kilokalori 24 hivi kwa siku huleta mwishowe badiliko la kilo moja. Takriban nusu ya badiliko hutokea mwaka wa kwanza, na asilimia 95 ndani ya miaka mitatu.

Turudi kwa mtu wetu aliyepunguza kilokalori 240. Siku ya kwanza upungufu wake ni 240. Akishapoteza kilo moja, mwili unatumia pungufu ya 24 hivi, kwa hiyo upungufu umebaki 216. Akifika kilo tano, umebaki 120. Akifika kilo kumi hakuna upungufu tena, na uzito unasimama ingawa bado anakula kwa nidhamu ileile. Mwaka wa kwanza atakuwa amepoteza kama kilo tano, si kumi na moja.

Naomba tusimame hapa kidogo, maana jambo hili linagusa watu halisi. Kuna wengi walioambiwa watapungua kilo kumi na moja kwa mwaka, wakapungua tano, wakaonekana wadanganyifu au wavivu. Wengine walijiona hivyo wao wenyewe, wakakata tamaa. Walikuwa wamefanya sawasawa na walivyoagizwa. Walipimwa kwa modeli mbovu, na kwa kuwa hakuna aliyeiita modeli, hakuna aliyefikiria kuikosoa.

Modeli nzuri ina kazi nyingine inayonishangaza zaidi. Inaweza kusomwa kinyumenyume. Kwa kawaida tunaipa chakula, nayo inatupa uzito. Lakini tukijua jinsi uzito ulivyobadilika, tunaweza kuiuliza mtu alikula kiasi gani. Hili ni jambo kubwa, kwa sababu kiasi anachokula mtu katika maisha yake ya kila siku ni miongoni mwa mambo magumu kabisa kuyapima. Ukimwomba aandike kila anachokula, husahau, hukadiria chini, au hubadili ulaji wake kwa kuwa anaandika.

Mwaka 2016 David Polidori, Kevin Hall na wenzao walitumia njia hiyo kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili waliokuwa wakinywa dawa ya kanagliflozini. Dawa hiyo hufanya sukari itoke kwa mkojo, kiasi cha kilokalori 360 hivi kwa siku, bila mtumiaji kutambua kwamba anapoteza nishati hiyo. Watu hao walipungua uzito bila kuambiwa wapunguze chakula, kwa hiyo kama ulaji wao ungeongezeka, isingeweza kusemwa kuwa ni kushindwa kujizuia. Watafiti waliingiza uzito wao katika modeli na kukokotoa walichokula. Kwa kila kilo iliyopotea, hamu ya kula ilipanda kwa takriban kilokalori 100 kwa siku, zaidi ya mara tatu ya kiasi ambacho matumizi ya nishati hushuka. Kwa maneno mengine, mwili uliopungua huomba chakula kwa sauti kubwa kuliko unavyobana matumizi. Hakuna shajara ya chakula ambayo ingelionyesha hilo.

Hata kipimo kinachoaminika kuliko vingine vyote cha matumizi ya nishati kwa mtu anayeendelea na shughuli zake kimejengwa juu ya modeli. Mtu hunywa maji ambayo hidrojeni na oksijeni zake ni nzito kuliko za kawaida. Hidrojeni hiyo hutoka mwilini kwa njia ya maji tu. Oksijeni hutoka kwa maji na pia kwa hewa ya ukaa anayoitoa puani. Ukipima mkojo wake kwa wiki moja au mbili na kulinganisha kasi mbili hizo, tofauti yake inakupa hewa ya ukaa iliyotengenezwa, na kutoka hapo nishati iliyochomwa. Nathan Lifson na wenzake waliielezea njia hii mwaka 1955 wakitumia panya. Kwa binadamu ilianza kutumika mwaka 1982.

Upande wa sukari una hadithi yake. Mwaka 1979 Richard Bergman, akishirikiana na Claudio Cobelli na wengine, alitoa modeli iliyokuja kuitwa modeli ndogo, yaani yenye milinganyo michache kadiri inavyowezekana. Mtu hudungwa glukosi kwenye mshipa, kisha damu yake huchukuliwa mara nyingi kwa saa tatu. Kutokana na jinsi glukosi na insulini, homoni inayoshusha sukari katika damu, zinavyopanda na kushuka, modeli hukadiria namna mwili unavyoitikia insulini. Ili milinganyo ilingane na vipimo, ilibidi waweke chumba cha kati: insulini haifanyi kazi ikiwa ndani ya damu, bali baada ya kuingia mahali pengine, tena kwa kuchelewa. Mwanzoni chumba hicho kilikuwa alama tu kwenye karatasi. Baadaye vipimo vya limfu, majimaji yanayotoka kwenye tishu, vilionyesha kwamba kweli insulini huchelewa inapovuka kutoka kwenye damu kwenda kwenye majimaji yanayozunguka seli. Hesabu ilikuwa imetangulia kuonyesha pa kutafuta.

Kazi ya namna hiyo ilizaa vielelezo vikubwa zaidi vya kompyuta, yaani programu zinazoiga mwili. Mwaka 2008 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikubali kielelezo kilichotengenezwa na vyuo vikuu vya Virginia na Padova kitumike badala ya majaribio ya wanyama katika kupima mifumo ya kongosho bandia, yaani vifaa vinavyompa mgonjwa wa kisukari insulini vyenyewe. Ndani yake kulikuwa na wagonjwa 300 wa kubuni: watu wazima, vijana na watoto, mia kwa kila kundi, kila mmoja na vigezo vyake.

Si kila modeli ya lishe inaeleza mwili. Nyingine husaidia kuchagua chakula. Mwaka 1945 mwanauchumi George Stigler alijiuliza: katika vyakula 77, ni mchanganyiko upi ungempa mtu mzima virutubishi tisa vya lazima kwa gharama ndogo kabisa? Kwa kukisia kwa akili alifika dola 39.93 kwa mwaka, kwa bei za Marekani za 1939. Mwaka 1947 swali lake likawa la kwanza kubwa kujaribiwa kwa njia mpya ya mwanahisabati George Dantzig ya kutafuta jibu lililo bora kuliko yote, na jibu kamili likawa dola 39.69. Bila shaka hakuna ambaye angependa kuishi kwa mlo ule. Ladha, mazoea na uchovu wa kula kitu kilekile havikuwamo katika milinganyo, na modeli haijibu swali ambalo haikuulizwa.

Jambo la mwisho linahusu wastani. Fomula ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, ambayo programu nyingi za simu huitumia, hukadiria nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Kwa mwanamke, zidisha uzito wa kilo kwa 10, ongeza urefu wa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, kisha toa 161. Mwanamke wa kilo 60, sentimita 160 na miaka 30 anapata kilokalori 1,289. Namba hiyo inaonekana imekatwa kwa wembe, lakini wanawake wawili wenye vipimo hivyohivyo wanaweza kuachana kwa zaidi ya asilimia 10, kwa sababu misuli, viungo vya ndani na homoni hazimo. Ndiyo maana mtaalamu makini huanzia hapo, akafuatilia uzito kwa wiki kadhaa, kisha akarekebisha kigezo kilingane na mwanamke aliye mbele yake.