Je, wajua kwa nini kipanga wa shule ya msingi hutetereka akifika sekondari?

Mtoto ameongoza darasa tangu la kwanza hadi la saba. Anachaguliwa kwenda Ilboru, Mzumbe, Kibaha au Kilakala, zile shule za vipaji maalumu za Tanzania, na mtaa mzima unapata habari. Muhula wa kwanza tu, anakuwa wa 34. Nyumbani wanaanza kuulizana: makundi mabaya? Simu? Au kuna mkono wa mtu?

Sababu nyepesi zipo. Karibu kila aliyemkuta pale alikuwa wa kwanza alikotoka, na nafasi ya kwanza ni moja. Halafu masomo yamegeuka Kiingereza kwa mkupuo. Lakini hayo yanawapata wengi. Mbona mmoja huinuka baada ya miezi miwili, na mwingine hukata tamaa kabisa?

Turudi darasa la tatu. Mwalimu ana wanafunzi 80 na ameandika maswali kumi ubaoni. Kipanga wetu anamaliza jirani yake akiwa bado anapiga mstari wa pambizo. Kisha? Anachora magari nyuma ya daftari. Anapiga soga, anaadhibiwa kwa kupiga soga. Siku nyingine anatumwa kupeleka madaftari ofisini. Miaka saba inakwenda hivyo. Jirani yake kila siku anakosea, anafuta, anarudia. Yeye hajawahi kukaa na swali lililomshinda hata nusu saa. Siku anapokutana nalo, hasemi swali ni gumu. Anaona akili zimemwishia.

Na sisi tunachangia, tena kwa mapenzi. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo ya michoro, wakaambiwa wamefanya vizuri. Baadhi walisifiwa kwamba wana akili, wengine kwamba wamejitahidi. Wakafuatiwa na mafumbo magumu yaliyowatoa jasho wote, kisha mengine mepesi kama ya mwanzo. Waliosifiwa akili walishuka chini ya pale walipoanzia; waliosifiwa juhudi walipanda. Walipotakiwa kumwandikia mwanafunzi wa shule nyingine alama walizopata, karibu 40 kati ya kila 100 ya waliosifiwa akili waliongeza za uongo. Watoto wa watu, wanamdanganya mtu wasiyemjua!

Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kubadili fikra za watoto kuhusu akili huinua alama kidogo tu, kwa hiyo asikuuzie mtu maneno matamu kama dawa. Kwa maoni yangu, sifa ni nusu ya shauri. Nusu nyingine, iliyo nzito, ni kwamba mtoto huyu anahitaji kitu cha kumshinda mapema, akiwa bado yuko mikononi mwenu. Kumrusha darasa husaidia endapo huko anakorushwa atakuta kazi ya kweli. Kumwongezea maswali 20 ya aina ileile ni kumwadhibu kwa kuwahi kumaliza.

Wala si lazima tuisheni. Mpeleke barazani kwa mzee anayejua bao hasa, na umwombe mzee asimwonee huruma. Mashimo 32, kete 64, na mtoto aliyezoea kushinda anatazama kete zake zikisombwa safari baada ya safari, mzee wala hajanyanyua macho. Atarudi amenuna, atasema mchezo wenyewe ni wa kizamani. Usimbembeleze kwa kumwambia ana akili. Mwambie akuonyeshe nyumba yake, lile shimo kuu la kila mchezaji, ililiwaje, na kabla ya hapo alikuwa amecheza kete ipi.