Nani anayelipia hesabu ya nyangumi? Usimamizi wa pamoja wa mamalia wa baharini Alaska

Juni 1977, katika mkutano uliofanyika Canberra, Tume ya Kimataifa ya Nyangumi (IWC) iliwaondolea wenyeji wa kaskazini mwa Alaska ruhusa ya kuwinda nyangumi kichwa-upinde, ambaye Wainupiat, jamii ya wenyeji hao, humwita aġviq na ambaye wamemtegemea kwa chakula tangu enzi za mababu zao. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya hesabu: wanasayansi wa serikali ya Marekani walikadiria kwamba waliosalia walikuwa kati ya 600 na 2,000, baada ya meli za kibiashara za karne ya 19 kuwachinja kwa ajili ya mafuta na mabamba ya kinywani.

Manahodha wa uwindaji wa Barrow, mji ambao sasa umerejea kwenye jina lake la asili la Utqiaġvik, waliikataa hesabu hiyo. Majira ya kuchipua wao huweka kambi ukingoni mwa barafu wakiwa na mashua iliyovikwa ngozi za sili, na humsubiri nyangumi kwa siku kadhaa bila kupiga kelele, kwa hiyo wanazijua njia zake. Walieleza kwamba wengi hupita mbali sana na ukingo wasionekane, na kwamba wengine husafiri chini ya barafu yenyewe, wakiipasua kwa utosi ili wapate kuvuta pumzi. Kuwahesabu kutoka ukingoni tu, basi, kulikuwa sawa na kuhesabu waumini wa Ijumaa ukiwa umesimama kwenye mlango mmoja wa msikiti.

Kauli hiyo ilihitaji kuthibitishwa, na uthibitisho una gharama. Mwaka huohuo wawindaji waliunda Tume ya Wawinda Nyangumi wa Eskimo wa Alaska, na Desemba, katika kikao maalumu kilichofanyika Tokyo, IWC ikawarudishia mgao mdogo wa nyangumi 12 watakaofikishwa nchi kavu, au 18 watakaopigwa chusa, kwa mwaka 1978. Mwaka 1981 tume yao ilisaini mkataba wa ushirikiano na NOAA, idara ya serikali kuu inayosimamia nyangumi. Sehemu kubwa ya fedha za utafiti, hata hivyo, ilitoka North Slope, serikali ya mitaa ya Wainupiat, ambayo mapato yake mengi ni kodi ya mitambo ya mafuta ya Prudhoe Bay. Serikali hiyo iliajiri wanasayansi wake yenyewe, na pamoja na kuweka watu juu ya vilima vya barafu, vinasa sauti vilitumbukizwa majini ili kuwasikia nyangumi wasioonekana. Manahodha wakaonekana kuwa walisema kweli. Makadirio ya mwaka 2001 yalizidi 10,000, na ya mwaka 2011 yalikaribia 17,000. Sehemu ya ongezeko hilo ni uzazi, lakini kosa la mwanzo lilikuwa la njia ya kuhesabu. Ni vigumu kutoona kinaya kwamba mafuta ndiyo yaliyolipia hesabu hiyo, ilhali kelele za utafutaji wa mafuta hayohayo ni jambo ambalo wawindaji hulazimika kujadiliana na makampuni ili nyangumi wasifukuzwe mbali na pwani.

Vijiji vingi havina Prudhoe Bay yao, na ndiyo maana suala la fedha za serikali kuu lina uzito. Sheria ya Marekani ya Kulinda Mamalia wa Baharini ya mwaka 1972 inakataza kwa jumla kuwaua wanyama hao, lakini inawaruhusu wenyeji wa asili wanaoishi pwani ya Alaska kuwawinda kwa kujikimu na kwa kutengeneza kazi za mikono za jadi, mradi wasiwinde kwa ubadhirifu. Marekebisho ya mwaka 1994 yaliongeza kifungu cha 119, kinachoruhusu serikali kuingia mikataba ya usimamizi wa pamoja na asasi za wenyeji na kuzipa ruzuku. Bunge liliidhinisha hadi dola milioni 1.5 kwa mwaka kupitia Wizara ya Biashara, inayosimamia nyangumi na sili, na dola milioni 1 kupitia Wizara ya Mambo ya Ndani, inayosimamia dubu weupe, fisi-maji wa baharini na walrasi, mnyama mkubwa anayefanana na sili. Kuidhinisha kiwango si sawa na kutoa fedha, na idhini yenyewe iliandikiwa mwisho wa mwaka 1999. Tangu hapo asasi hizo hutegemea kitakachopatikana katika bajeti ya kila mwaka.

Kwa kiasi hicho kidogo hufanyika kazi ambayo ofisi ya mbali isingeiweza. Walrasi akishawindwa, pembe zake mbili ndefu lazima zipelekwe ndani ya siku 30 kwa mkazi wa kijiji aliyepewa kazi hiyo, naye huzipima, huzifunga lebo kwa waya na kuandika taarifa. Vijiji vya Gambell na Savoonga, katika Kisiwa cha St. Lawrence, vimejiwekea kwa sheria zake vyenyewe ukomo wa walrasi wanne kwa kila safari, na wawindaji wanautii kwa sababu umetungwa na wazee wanaowajua.

Mambo hayakwenda hivyo katika ghuba ya Cook, karibu na jiji la Anchorage. Nyangumi weupe wa huko walishuka kutoka makadirio ya 653 mwaka 1994 hadi 347 mwaka 1998, huku wakiwindwa bila mkataba wowote wa kuweka mgao. Mwaka 1999 Bunge lilipiga marufuku uwindaji huo isipokuwa chini ya makubaliano ya usimamizi wa pamoja, yaani mkataba ukaja baada ya madhara. Baada ya 2005 hakuna aliyewindwa, na bado hawajarudi kwenye idadi yao ya zamani.

Jambo hili linatuhusu pia sisi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa Kenya na Tanzania ni wanachama wa IWC na kila moja ina kura, na mgao hubadilishwa kwa robo tatu ya kura zinazopigwa. Mwaka 2002, huko Shimonoseki, mgao wa Alaska ulikwama kwa siasa zisizohusiana kabisa na hali ya nyangumi, ukapitishwa baadaye katika kikao maalumu. Mwaka 2018, mjini Florianópolis, wanachama walikubali mgao ujirefushe wenyewe, mradi Kamati ya Sayansi iendelee kuridhika na hali ya nyangumi. Kamati hiyo huridhishwa na hesabu mpya, kwa hiyo sharti hilo lina gharama zake: mishahara ya wahesabuji, vinasa sauti, na nauli ya nahodha wa kwenda kueleza mwenyewe alichokiona juu ya barafu.