Chuma peke yake hakiungi mgongo

Wagonjwa waliopasuliwa ili pingili za mgongo ziunganishwe huniambia neno lile lile: "Dokta, chuma kimeshaingia, basi mgongo umekwisha kushikana." Hapana. Nimelisema wodini, nimelisema kwa simu, na hapa Bukavu bado nalisikia kila mara.

Chuma ninachokisema ni kipandikizi kinachotanuka. Huingizwa kikiwa kifupi, mahali pa diski (ule mto ulio kati ya pingili mbili) iliyoharibika, au pa pingili nzima iliyoliwa na kifua kikuu ama kuvunjika kwenye ajali. Kikishakaa sawa, mpasuaji hukizungusha kwa ufunguo wake, nacho hupanda kidogo kidogo kama jeki ya gari mpaka urefu uliopotea urudi na mishipa ya fahamu ipate nafasi. Kazi yake ni kuinua na kushikilia, mara nyingi kikisaidiwa na skrubu na fito za chuma. Kinachounga ni mfupa: ule tunaoutoa nyongani kwako, au vipande tulivyoondoa hapo hapo, tukavijaza ndani ya kifaa na pembeni yake. Mfupa huo lazima uingiwe na mishipa ya damu, ukue, ushike pingili ya juu na ya chini. Ni kazi ya miezi, mara nyingi 6 hadi 12.

Tatizo ni kwamba maumivu ya mguu yanaweza kuisha ndani ya siku chache tu, kwa sababu mshipa wa fahamu haubanwi tena. Mgonjwa anadhani amepona. Wiki ya sita mama amesharudi kwake Kadutu, hapa hapa Bukavu, kamba kwenye paji la uso, gunia la makala (mkaa) mgongoni, anapanda mlima. Mzigo wote unaishia kwenye skrubu. Chuma kinachotikiswa kila siku juu ya mfupa usioshikana huchoka: skrubu hulegea au hukatika, au kifaa huzama ndani ya pingili na urefu wote tulioupata ukapotea. Halafu naambiwa chuma kilikuwa kibovu! Na usinioneshe radio, yaani picha ya eksirei, ukasema chuma kimesimama vizuri. Chuma kusimama si mfupa kushikana. Kushikana kwa mfupa huonekana vizuri zaidi kwenye skana (CT).

Tembea kila siku, hata kwenye vilima vyetu, lakini bila mzigo wowote. Sigara iache kabla ya operesheni, maana nikotini hubana mishipa ya damu na mfupa mpya hukosa chakula. Tena familia ikae mapema iamue nani atabeba maji na makala. Kumkataza mama kubeba bila kumpa msaidizi ni kumdanganya.

Eti kifaa kinaendelea kutanuka mwilini? Hakitanuki. Kikifika kipimo hufungwa hapo hapo, na hatukilazimishi, kwa sababu uso wa pingili hupasuka, hasa kwa wazee wenye mifupa dhaifu.

Eti hutainama tena? Pingili mbili zikiunganishwa utapoteza kiasi fulani, lakini sehemu kubwa ya kuinama hufanywa na nyonga.

Eti chuma kikiwekwa, dawa za kifua kikuu zinaachwa? Hili ni la hatari. Chuma hakiui vijidudu. Dawa humezwa miezi yote uliyoandikiwa, hata ukijisikia mzima.

Wengine wanataka chuma kwa kila maumivu ya mgongo. Mengi hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Ila miguu ikilegea, mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, au ukipata ganzi sehemu za siri, usingoje hata kesho, njoo hospitali.

Karatasi ya operesheni itunze pamoja na kadi zako muhimu, yenye jina la kifaa na saizi yake. Vifaa hivi kila kiwanda kina ufunguo wake, na siku ikibidi kukifungua, mpasuaji mwingine lazima ajue atafute upi.