Montreal Royals: dhana potofu kuhusu timu iliyompokea Jackie Robinson

Ukitaja besiboli na ubaguzi wa rangi, wengi hurukia Brooklyn mwaka 1947, Jackie Robinson, mchezaji mweusi, alipoingia Ligi Kuu ya Marekani na klabu ya Brooklyn Dodgers. Wanaojua zaidi kidogo huongeza kwamba mwaka uliotangulia alichezea Montreal Royals ya Canada. Hapo ndipo hadithi tamu huanza kumiminika, na baadhi yake hazisimami ukizikagua.

“Royals ilikuwa timu ya daraja la chini iliyoshindwa kupanda”

Kwetu tuliolelewa na soka, kosa hili linaeleweka: ukiongoza ligi ya chini, msimu ujao uko juu. Besiboli ya Amerika Kaskazini haina kupanda wala kushuka daraja. Mwaka 1946 Royals ilishinda mechi 100 na kupoteza 54, ikatwaa ubingwa wa ligi yake, International League, kisha ikaishinda Louisville Colonels mechi 4 kwa 2 katika Little World Series, fainali ya mabingwa wa ligi mbili za chini. Msimu uliofuata ilikuwa palepale. Iliwahi kutwaa taji hilo tena mwaka 1948 na 1953, na bado haikwenda popote.

Waliopanda ni wachezaji. Kuanzia 1939 Royals ilikuwa tawi la Brooklyn Dodgers. Bosi wa Dodgers wakati wa Robinson, Branch Rickey, ndiye aliyeujenga mfumo huu alipokuwa klabu ya St. Louis: klabu kubwa inashika klabu ndogo kadhaa, inakuzia vijana humo, wakiiva inawachukua. Nani acheze Montreal na nani aondoke, hayo yaliamuliwa Brooklyn. Lishike hilo, maana karibu kila dhana potofu kuhusu Royals huzaliwa pale linaposahauliwa.

“Robinson alikuwa mweusi wa kwanza katika International League”

Hapana. Mwaka 1887 International League ilikuwa na wachezaji weusi kadhaa, miongoni mwao Frank Grant wa Buffalo, na George Stovey pamoja na Moses Fleetwood Walker wa Newark. Walker alikuwa ameshacheza ligi kubwa na Toledo mwaka 1884. Julai 1887 wenye klabu za International League walipiga kura kutosaini mikataba mipya na wachezaji weusi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1880 mlango ulikuwa umefungwa. Kwa hiyo Robinson aliufungua mlango uliokuwa umefungwa makusudi. Mimi naona hilo ni zito kuliko kuwa wa kwanza, kwa sababu linaonyesha ubaguzi ule ulipigiwa kura na watu wenye majina.

Tena hakuwa peke yake. Mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) mweusi Johnny Wright alisajiliwa pia na kuwa naye Royals mwanzoni mwa msimu wa 1946. Hatajwi sana.

“Montreal haikujua ubaguzi”

Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na ugumu wake ni kwamba nusu yake ni kweli. Mapema mwaka huo, kwenye mazoezi Florida, Robinson alilazimika kuondoka mji wa Sanford kwa vitisho, na huko Jacksonville uwanja ulifungwa ili asicheze. Mechi yake ya kwanza ya ligi, tarehe 18 Aprili 1946 huko Jersey City, Royals ilishinda 14 kwa 1. Alipata mapigo manne, moja likivuka ukuta, na akaiba besi mbili, yaani alikimbia hadi kituo kinachofuata bila mpira kupigwa. Mwenzake George Shuba, mzungu, alimpa mkono alipokuwa akifika besi ya nyumbani baada ya pigo lile la kuvuka ukuta, na picha ya mkono ule ipo hadi leo. Montreal penyewe, yeye na mkewe Rachel walipanga nyumba mtaa wa De Gaspé bila zogo, na majirani wakamsaidia Rachel aliyekuwa mjamzito. Tarehe 4 Oktoba, baada ya ushindi wa fainali, mashabiki walimfukuza barabarani wakitaka kumkumbatia. Mwandishi wa gazeti la Pittsburgh Courier aliona kwamba huenda ilikuwa mara ya kwanza mtu mweusi kukimbizwa na umati wa wazungu kwa mapenzi, si kwa kutaka kumuua.

Lakini miaka kumi kabla, katika jiji hilohilo, Fred Christie, mtu mweusi, alinyimwa bia kwenye baa iliyokuwa ndani ya Forum, ukumbi wa magongo ya barafu. Alishtaki. Mwaka 1939 Mahakama ya Juu ya Canada iliamua kwamba mwenye baa alikuwa na haki ya kumkatalia. Robinson alipowasili, uamuzi huo ulikuwa bado sheria. Mashabiki wa Delorimier, uwanja wa Royals, walimpenda kweli, ila kumshangilia bingwa ni jambo moja na kumhudumia mteja ni jingine.

“Dodgers walimficha Roberto Clemente Montreal”

Clemente, kijana wa Puerto Rico, alisaini na Dodgers mwaka 1954 kwa bonasi ya dola 10,000. Kanuni za wakati huo zilisema kijana aliyelipwa kiasi kikubwa namna hiyo akiachwa ligi ya chini, timu nyingine zinaweza kumchagua msimu ukiisha. Ikasimuliwa kwamba Royals walimweka benchi makusudi ili asionekane. Waliopitia rekodi za mechi moja moja wamegundua jambo la kawaida zaidi: kocha Max Macon alikuwa akibadilisha wapigaji kulingana na mrushaji, na Clemente, anayepiga kwa mkono wa kulia, alipangwa zaidi dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto. Wastani wake wa kupiga ulikuwa .257, yaani pigo moja hivi kwa kila majaribio manne, na kwa wastani huo hakuna kocha anayelaumiwa sana. Kama kweli nia ilikuwa kuficha, haikufua dafu. Novemba ileile Pittsburgh Pirates walimchukua, na aliyeongoza Pirates ni Branch Rickey yuleyule.

“Royals ndiyo iliyozaa Expos”, au, kwa wengine, Kansas City Royals

Zote mbili si kweli. Expos, klabu ya Montreal ya ligi kubwa, ilianzishwa 1969 kama klabu mpya kabisa. Kansas City Royals, nayo ya 1969, ilipata jina kutokana na American Royal, maonyesho ya mifugo ya mji wao.

Kilichoimaliza Royals ni umbali. Dodgers walihamia Los Angeles baada ya msimu wa 1957, na tawi lililo upande wa pili wa bara likawa mzigo, huku mashabiki wakipungua. Msimu wa 1960 ukawa wa mwisho. Hata hivyo nafasi yake katika ligi haikufutwa: mwaka 1961 ilihamishiwa Syracuse, jimbo la New York, ambako timu inacheza mpaka sasa, siku hizi kama tawi la New York Mets.